Mume wa Bibi Wieczorek

Jochen Stratmann alipanda hadi ghorofa ya tatu kwa miguu, maana ngazi za umeme zilikuwa zimekufa tangu wiki iliyopita na hapakuwa na mtu wa kuzitengeneza. Alipofika kwenye idara ya mapazia na matandiko alikuwa anahema. Yeye alikuwa mwenyekiti wa baraza la wafanyakazi, mtu wa idara ya viatu, mwenye tumbo kubwa na huruma nyingi, na vyote viwili vilimchelewesha kusema neno.

"Haya, sema," Bibi Overkamp alimwambia huku anaendelea kukunja shuka. "Uso wako umeshasema nusu."

"Duka letu la Hagen halimo," Jochen akasema. "Wanunuzi wa kampuni wameshachagua maduka ya kubaki, na sisi hatumo. Duka la Dortmund limo. Dortmund watachukua mtu mmoja kutoka idara yenu."

"Mmoja?" Bibi Wieczorek akauliza.

"Mmoja."

Na idara yenyewe walikuwa wamebaki wawili tu. Zamani meza ile ya kukatia mapazia ilizungukwa na wanawake hata mtu akawa anaomba njia apite. Walistaafu, wakapunguzwa, wengine wakafa, mwisho wakabaki hawa wawili na rafu zao.

"Lo! Detlef ataumia huyo," Bibi Wieczorek akasema. "Leo hapati usingizi."

Maneno hayo yalimtoka yenyewe, bila kuyatafuta. Jochen alitikisa kichwa kwa huzuni kumwonea huruma Detlef, mume wa mwenzake. Bibi Overkamp akageuka kutafuta foronya zilizokuwa mbele ya macho yake.

Wessendorp halikuwa duka la jana. Kila bibi wa Hagen alinunua hapo shuka za harusi yake, na akina mama waliwaleta mabinti zao hapo kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote kwamba binti ameposwa. Lakini wajukuu wa mwenye duka walikuwa wajukuu kweli, hawakujua jasho la babu, wakauza. Aliyenunua akauza. Na wa tatu, hao wanunuzi wa sasa, walikuwa kampuni ya majengo, watu wasiojua tofauti ya taulo na mfarishi, wala hawana haja ya kujua. Waliyataka majengo. Mali iliyomo ndani waliiona takataka za mpangaji aliyehama.

Duka hilo lilikuwa na desturi moja kongwe: wanawake wa mezani huitana Bibi Fulani kwa jina la ukoo, mbele ya mteja na nyuma yake, hata chooni. Heidrun Wieczorek na Marlies Overkamp walikuwa wamesimama bega kwa bega miaka ishirini na sita. Kila mmoja alijua mwenzake anakunywa chai na nini, goti gani linamuuma mvua ikikaribia, na mteja gani anamchukia. Hakuna aliyewahi kuvuka kizingiti cha nyumba ya mwenzake. Wenyewe wanaiita heshima. Nimekaa nao vya kutosha, nami naiita heshima vilevile, ila heshima hiyo ina baridi yake.

*

Nyumbani kwa Heidrun, kule Altenhagen, hapakuwa na Detlef wa kukosa usingizi. Detlef aliondoka Jumapili moja baada ya kahawa. Alichukua mashine yake ya kutoboa ukuta na viatu vya kupandia milima, akasema kuna mwanamke mjini Iserlohn, kwamba amechoka kusema uongo, na kwamba samani zote anamwachia Heidrun. Alisema hivyo kama mtu anayetoa zawadi. Kesho yake Jumatatu, wakati wa mapumziko, mtu fulani aliuliza kama kawaida wikendi ilikuwaje, na Heidrun akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu: "Aa, salama tu. Detlef kachoma soseji."

Uongo ule ukazaliwa hapo, ukanenepa. Katika miaka miwili na nusu Detlef alirekebisha mfereji wa paa, akaumwa mgongo, akakataa kula dengu, akagombana na jirani juu ya mapipa ya taka. Kila Novemba, siku ya kuzaliwa kwake ikikaribia, Heidrun alishuka idara ya wanaume, akatumia punguzo la wafanyakazi, akanunua shati. Bibi Overkamp ndiye aliyelifunga kwa karatasi na utepe, kwa kuwa mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi hiyo. Mashati yalikaa kabatini Altenhagen na tepe zake, hayajafunguliwa.

Ofisi ya kodi nayo hakuiambia. Katika nchi ile mtu akiachana na mwenzake, sharti aseme, na akisema, mabadiliko yanafika kwa wanaotoa mishahara. Na waliotoa mishahara Wessendorp walikuwa wanawake wawili wenye midomo. Heidrun alijisemea, mwakani. Mwakani ikaja, akasema tena mwakani. Basi kwenye karatasi za serikali bado alikuwa mke wa mtu.

Usiku wa siku ile Jochen alipoleta habari, alimpigia simu binti yake Anke, anayeishi Kiel.

"Wanachaguaje?" Anke akauliza.

"Kwa alama. Umri, miaka ya kazi, na wanaokutegemea. Mume anahesabiwa."

"Na huyo mwenzako?"

"Hana mume. Anaishi na mama yake, lakini mama hahesabiwi. Sheria inahesabu mume na watoto."

"Basi unaye mume, Mama. Karatasi zinasema unaye. Funga mdomo."

"Anke!"

"Anke nini? Una miaka hamsini na saba. Nani atakuajiri, duka la simu? Baba alichukua kila alichotaka, mwache basi angalau akuachie jina lake. Kwani alikulipa nini kingine?"

"Ni wizi, mwanangu."

"Hukuanza leo," Anke akasema, kisha akajuta papo hapo. "Samahani. Mama? Upo? Nimesema samahani."

"Nipo," Heidrun akasema. Walizungumza habari za meno ya mjukuu, wakaagana. Baada ya hapo nyumba ilikuwa kimya mpaka akawasha redio jikoni, na redio ikazungumza na mtu mwingine.

*

"Ni maswali ya kawaida," Jochen alisema. Chumba cha baraza kilinuka kahawa iliyochacha. Pembeni alikaa kijana wa wanunuzi, shingo ndefu, anabofya simu yake. Hakumsalimu Heidrun alipoingia wala hakumtazama. "Umri ninao. Miaka ninayo. Umeolewa, mume... anafanya kazi?"

"Mgongo," Heidrun akasema.

"Ee, pole yake. Anakutegemea basi."

"Na bila mume?" Heidrun akauliza. Alijaribu kuuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua. "Yaani, ingekuwa sina."

Jochen akacheka. "Ungekuwa huna, Bibi Overkamp angekupita. Si kwa kiasi kikubwa, lakini angekupita. Alianza kazi mapema kuliko wewe. Mshukuru mgongo wa Detlef."

Kijana yule akainua kichwa mara ya kwanza. "Tunamaliza? Chini kuna vifaa vya jikoni bado."

"Vifaa vya jikoni ni watu wanne," Jochen akamwambia. "Wana majina."

"Sawa," kijana akasema, akarudi kwenye simu.

Heidrun alitoka mle, akapanda ngazi. Alikuwa ameipata kazi. Alijaribu kufurahi njia nzima mpaka ghorofa ya tatu, na hakuweza.

*

Kisha wakaja wateja. Miaka yote hiyo walikuwa wapi, Mungu ndiye ajuaye, lakini mabango ya bei ya kumaliza mali yalipotundikwa walifurika kama siku ya sikukuu. Waliivuta mifarishi sakafuni. Waligombana juu ya taulo zilizotiwa doa. Mwanamke mmoja mwenye koti la manyoya alitaka kununua meza ya kukatia mapazia na akamwambia Heidrun aondoe viwiko vyake ili aipime.

"Hii haiuzwi bado," Heidrun akasema.

"Mbona bango linasema kila kitu?"

"Mimi mwenyewe bado ninaitumia, bibie."

"Mtaitumia mpaka lini?" yule mwanamke akauliza, bila ubaya, kama anayetaka tu kujua siku ya kurudi.

Mchana huo walikula nyuma ya rafu tupu, kwa sababu mkahawa wa wafanyakazi ulikuwa umeshauzwa hadi viti. Bibi Overkamp alitoa saladi ya viazi, akaigawa mara mbili kwenye vifuniko vya makopo. Simu yake ililia, alisikiliza, akasema, "Mwambie ninakuja jioni. Ndiyo, mwambie tena," akaizima. Uso wake ulikuwa umechoka sana, na Heidrun alipouona aliweka kifuniko chake chini.

"Bibi Overkamp," akasema. "Kuna jambo kuhusu Detlef."

"Usinieleze."

"Sharti nikueleze, kwa sababu zile alama..."

"Bibi Wieczorek, nakuomba. Nilimwona." Aliweka uma chini. "Soko la Iserlohn, msimu wa stroberi, mwaka juzi. Alikuwa na mama mmoja mfupi, wanachagua pamoja. Alinitambua. Masikio yalimwiva huyo! Akanisalimu, akaniambia mwenyewe."

Heidrun akakumbuka dengu, mfereji wa paa, mapipa ya taka. Yote hayo aliyasema mbele ya mtu anayejua.

"Mwaka juzi," akasema. "Na Novemba ukanifungia shati."

"Mteja akileta zawadi, nafunga."

"Usinifanyie mzaha!"

"Sikufanyii." Bibi Overkamp alitazama mikono yake. "Ningekwambia najua, ungeacha kunisimulia. Mimi narudi kwa mama asiyenijua tena, ananiita jina la dada yake aliyekufa. Sina mgeni, sina safari. Jumatatu nakuja hapa, nasikia Detlef kagombana na jirani. Nacheka. Nilijua hakuna Detlef, lakini nilicheka kweli." Akachukua uma tena. "Kazi ni yako. Mimi sitafungua mdomo. Nenda Dortmund, usinifikirie mimi."

Heidrun alilia mbele ya viazi. Hakulia Detlef alipoondoka, hakulia siku yoyote, na sasa alilia nyuma ya rafu, wateja wakipita upande wa pili wakiulizana bei. Bibi Overkamp alimpa kitambaa cha mezani, kipya, cha kitani, chenye punguzo la asilimia sabini. Hakumgusa. Alikaa pale tu mpaka ikaisha.

Hivi mtu anafanyiwa wema wa namna ile, atalala? Heidrun hakulala. Asubuhi alishuka moja kwa moja kwenye chumba cha baraza, akafunga mlango.

"Nimeachwa," akamwambia Jochen. Neno lenyewe lilikuwa geni kinywani mwake. "Miaka miwili na nusu. Sina mume. Nifute."

Jochen akaweka kalamu chini. "Unajua unachofanya?"

"Najua."

"Ningeweza kuwa sijasikia. Nina masikio mabovu, kila mtu anajua."

"Andika, Jochen."

Akaandika. Heidrun alipanda ghorofani akiwa mwepesi, na siku nzima aliuza mito kwa furaha hata wateja wakamshangaa. Alidhani ametenda haki, na kwamba itafika yenyewe kwa mwenyewe bila kutangazwa.

*

Ilifika baada ya wiki moja. Bibi Overkamp alitoka kuitwa ofisini, akaja kusimama upande wa pili wa meza ile ya kukatia mapazia. Alikuwa mweupe kama shuka alizouza maisha yake yote.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Ni haki yako. Alama zako ni nyingi kuliko..."

"Nani alikutuma, nakuuliza!" Wateja waligeuka. Katika miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Nilitaka kuachishwa, Bibi Wieczorek. Nilitaka! Ningepata kiinua mgongo, ningekaa na mama nyumbani mpaka siku yake ifike. Nilishapiga hesabu, ingetosha. Sasa nimepewa kazi. Mtu aliyepewa kazi akiikataa, hapati kazi wala kiinua mgongo. Nitapanda treni kila alfajiri kwenda Dortmund, na mama nitampeleka kwenye nyumba ya wazee afie kwa watu."

Heidrun alishika ukingo wa meza. "Hukuniambia."

"Hukuuliza."

"Ulisema nisikufikirie."

"Na ulifikiri nimesema hivyo kwa nini? Kwa utakatifu?" Bibi Overkamp akacheka vibaya. "Mwanamke wewe! Miaka miwili na nusu unanilisha habari za mume hewa, na siku moja, siku moja tu unapoamua kusema ukweli, hukuja kunieleza mimi kwanza. Ulikwenda kwa Jochen."

Heidrun alikimbia hadi chini. Jochen alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kichwa.

"Jamani, Bibi Wieczorek. Wiki iliyopita huna mume, leo unaye tena? Yule kijana ameshayapeleka majina. Hata nikisema ni wewe, huna karatasi tena, umeniandikisha kwa kinywa chako mwenyewe." Akampa kiti. "Kaa. Kaa kidogo, utaanguka."

Siku zilizobaki walifanya kazi pamoja bila neno, kila mmoja akipokea fedha za wateja wake, akikunja mfuko wake. Siku ya mwisho watu wa Wessendorp walipeana mikono mlangoni, mmoja mmoja, kwa majina ya ukoo. Bibi Overkamp alimpa Heidrun mkono. "Nitakaa naye mimi," Heidrun akasema haraka, kabla mkono haujaondoka. "Mama yako. Sina pa kwenda. Nitakaa naye mchana."

"Hujawahi hata kuingia kwangu."

"Sijawahi kualikwa."

Mwenzake akaondoa mkono, akaenda zake kituoni. Majuma yalipita. Heidrun alikwenda ofisi ya watu wasio na kazi, akaambiwa na binti mdogo kuliko Anke kwamba ana uzoefu mzuri, na asikate tamaa. Alirudi nyumbani akala mkate amesimama. Kiinua mgongo chake kiliingia benki. Alikitazama mara moja, hakukitazama tena. Hakuna aliyempigia simu isipokuwa Anke, na Anke naye alipiga mara nyingi mno, kama mtu anayelipa deni.

Halafu jioni moja simu ikalia.

"Ni Overkamp. Yule mwanamke wa huduma anamwosha mama asubuhi na kuondoka. Nyumba ya wazee hawana nafasi kabla ya kiangazi. Anapenda mkate ukatwe ukoko."

"Nitakata," Heidrun akasema.

*

Mama mzee Overkamp alikaa kwenye kiti chenye mikono karibu na dirisha, mdogo, msafi, nywele zimechanwa vizuri. Marlies alikuwa ameshaondoka na treni ya alfajiri. Funguo alizisukumia kwenye sanduku la barua la Heidrun usiku uliotangulia, ndani ya bahasha tupu. Mle chumbani mapazia yalikuwa ya Wessendorp, yamekatwa sawasawa, pindo limeshonwa kwa mkono. Heidrun alijua nani aliyashona.

Alikata ukoko. Alimpa chai. Mzee alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja na barua ya utambulisho.

"Wewe ni nani, binti?"

"Heidrun, Mama. Nilifanya kazi na Marlies."

"Vizuri." Alitafuna. "Na mume wako hajambo?"

Heidrun alifungua mdomo, na Detlef yule wa zamani alikuwa hapo hapo, tayari na mgongo wake na soseji zake. Nani angejua? Kichwa kile kilikuwa hakishiki kitu.

"Ameniacha, Mama."

Mzee aliweka chini kikombe chake. Uso wote ulibadilika. Alinyoosha mkono uliojaa mishipa, akaushika wa Heidrun kwa nguvu ambazo mtu asingezitegemea.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana. Na wewe mtu mzuri hivi! Ulilia?"

"Kidogo."

"Lia, hakuna ubaya. Lo, wanaume! Pole, maskini."

Hakuna aliyewahi kumwambia pole. Wachache waliojua walikuwa na mengine ya kusema. Heidrun alikaa na mkono ule, hakuthubutu kusogea. Baadaye mzee akauachia, akanywa chai yake, akatazama nje mtaani, gari la taka likapita. Akageuka tena kwa adabu ileile.

"Wewe ni nani, binti?"

"Heidrun, Mama."

"Na mume wako, hajambo?"

Heidrun alivuta kiti karibu zaidi.

"Ameniacha, Mama," akasema, akampa mkono.